Bi Tatu, Watoto Wako Walikalishwa

Bi Tatu, shikamoo.

Kabla sijaandika lolote nakuomba haya yabaki kwako. Neno lisitoke. Zaidi ya wote, lisimfikie jirani yako mpya, Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Shomari, aliyelazwa hatua chache kutoka ulipolazwa wewe. Najua ulivyo. Hakuna mgeni aliyehamia mtaani kwenu ambaye hukumpelekea sahani ya chochote ulichopika, na kabla sahani haijarudi mlikuwa mmeshajuana ukoo mzima. Basi huko mliko zungumzeni mengine. Yangu usimwambie. Ana sababu ya kunichukia, na mimi sina uso wa kumtazama hata kaburini.

Naandikia ofisini. Wenzangu wamekwenda kunywa chai, na mlango nimeuegemezea kiti. Mwalimu mkuu akigonga nitamwambia natayarisha barua ya wilayani. Umeona? Hata marehemu namwandikia kwa kujificha. Uliwahi kuniambia mbele ya walimu wote, "Karani, wewe hata kivuli chako unakipisha njiani," wakacheka, na mimi nikacheka nao ili isionekane imenichoma. Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli.

Ninachotaka kukueleza ni kwamba watoto wako wa darasa la pili walikalishwa. Walikatazwa kusimama darasani, na sababu ni mimi. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianzia kwenye lile dirisha nitashindwa kuendelea.

Ulipotutoka, darasa lilibaki bila mwalimu. Tuliambiwa atapangwa mwingine, tusubiri. Mwalimu wa darasa la tatu alijaribu kuyachukua yote mawili, sauti ikamkauka. Ndipo mwalimu mkuu akaniita. "Wewe umesoma, una diploma yako nzuri. Hawa watoto washikilie kidogo." Nikamwambia mimi ni karani, sikusomea ualimu. Akasema, "Sikukwambia uwafundishe. Nimekwambia uwashikilie." Na mimi ni mtu wa mkataba, unajua. Mtu wa mkataba hana mdomo. Nikachukua chaki.

Siku ya kwanza nilisimama mbele yao nimefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Themanini na kitu, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Wakanitazama, nikawatazama. Kisha Mwajuma, yule binti mwenye pengo anayekaa mbele, akauliza, "Mwalimu, leo tunatwanga au tunaanua?"

Bi Tatu, nusura nilie pale pale.

Unakumbuka nilivyokuja kukulalamikia? Nilikuwa mgeni, nimetoka Pangani na vyeti vyangu kwenye bahasha, nimepewa chumba hiki kinachopakana ukuta na darasa lako. Nilidhani nimepata mahali pa utulivu. Kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na kinu. Miguu ilikuwa ikishuka kwa pamoja mpaka kabati la mafaili linatetemeka. Nilikufuata, nikabisha hodi kwa adabu zote za kwetu, nikakueleza tatizo langu kwa lugha ya barua rasmi. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Mwanangu, uwanja wote ni mchanga na matofali ya haya madarasa yasiyokwisha. Mvua ikinyesha hata baraza hatuna. Nisipowasimamisha mimi watasimama wenyewe, na wakisimama wenyewe wewe utahama mji." Ukanishika mkono, ukanivuta ndani, ukanisimamisha pembeni ya ubao.

Lilikuwa darasa la kawaida kabisa. Hapakuwa na mpira wala nafasi ya kupita baina ya madawati. Lakini hakuna mtoto aliyekuwa amepoa. Uliita "Kutwanga," na kila watoto wawili waliokaa jirani wakawa michi miwili katika kinu kimoja. Mmoja anasimama na kukaa, mwenzake anasimama na kukaa, wanapokezana kama watu wanaotwanga kisamvu, na kila anayesimama anataja namba yake: mbili, nne, sita, nane. Anayekosea, mchi wake umegonga ukingo, wanaanza upya huku wanacheka. Ukaita "Nazi," wakajishusha nusu, makalio hayagusi benchi, mikono inakwenda na kurudi kama wamepanda mbuzi wa kukunia, na kila msukumo ni silabi moja. Anayekaa kabla ya mwisho, nazi yake imebaki kwenye kifuu. Lakini kuanua ndiko kulikonishangaza. Ulikuwa umefunga kamba juu, kutoka ukuta hadi ukuta, ukabana maneno kwa vibanio vya nguo. Ulipopaza sauti, "Mvua hiyo," watoto walinyanyuka kwa ncha za vidole, safu moja baada ya nyingine, kuliwahi neno uliloliita kabla halijalowa.

"Makalio yana usingizi wake," uliniambia pale pembeni, kwa sauti ya chini kama unanipa siri ya mapishi. "Yakilala yanavuta na kichwa."

Sikulalamika tena. Na kuanzia hapo, nilipokuwa nikisikia mnaanza, nilifunga mlango wa ofisi nikatwanga nanyi. Mimi na suruali yangu ya pasi, nasimama, nakaa, naliambia kabati saba, kumi na nne, ishirini na moja. Niliamini hakuna anayejua. Kisha ukapita siku moja nje na kikapu chako mkononi, hukusimama wala hukugeuka, ukasema tu, "Karani, kiti chako siku hizi kinajua jedwali la saba kunishinda." Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulikwenda zako, na hukulitaja tena, wala hukumwambia mtu. Ndiyo maana leo nakuamini na siri hii kubwa zaidi.

Ulipougua wakati wa likizo sikuja kukuona. Nilisema nitakuja Ijumaa baada ya sala, na Ijumaa ilikukuta umeshakwenda. Sijui ningekuambia nini. Labda ningekaa tu kwenye mkeka na kukutazama, nikashindwa kuaga.

Basi Mwajuma aliponiuliza kama tunatwanga au tunaanua, nilimjibu, "Leo tunakaa, tunanakili." Na kesho yake tukanakili. Na siku zilizofuata. Niliijua kazi yako yote, Bi Tatu, mstari kwa mstari, pengine kuliko mwalimu yeyote hapa, maana nilikuwa naifanya. Nilichoogopa ni kuonekana. Niliwaza mwalimu mkuu akipita nje anione mimi, karani, nimejishusha nusu nakuna nazi isiyokuwepo. Kwa hiyo nikawaacha watoto wapoe, nikijua wanapoa.

Ikaja asubuhi ya mvua kubwa ya masika. Mvua iligonga bati kiasi kwamba wa nyuma hawanisikii, na nje hapakuwa na mtu. Nikajiambia leo hakuna wa kuniona. Nikasema, "Haya, tutwange."

Laiti ungewaona. Walikuwa na njaa ya kusimama. Walitwanga kwa miguu, kwa viganja, kwa madawati, kila dawati linataka kushinda mvua. Na mimi mbele yao nilitwanga pia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa mbele za watu bila kufikiria mikono yangu niiweke wapi.

Njia ya makaburini inapita chini ya madirisha yetu. Hili wewe huhitaji kuelezwa. Jeneza likija, ulikuwa unalisikia kabla yetu sote. Unainua kiganja tu, na watoto wanabaki walivyo, aliyesimama amesimama, aliyejishusha amejishusha, mpaka kalima za waliobeba zipotelee mbali. Na mimi nilikuwa natoka ofisini, nalipokea jeneza begani hatua chache kama wanavyofanya wanaume wote linapowapitia, kisha narudi. Siku lilipopita lako nililipokea mpaka mwisho. Kwa hiyo nisiseme sikujua. Nilijua.

Siku ile mvua ilizifunika kalima. Nilipozisikia, tayari zilikuwa chini ya dirisha. Nikatupa jicho nje, nikaona kitambaa kilicholowa, wanaume wamelowa, na mbele yao Mzee Shomari, kofia imemshuka usoni kwa maji. Macho yetu yakakutana. Nyuma yangu watoto wanatwanga, ishirini na mbili, ishirini na nne, na vicheko.

Kuinua kiganja, Bi Tatu. Kiganja tu. Badala yake akili yangu ya ofisini ikaniambia zuia sauti isitoke. Nikarukia dirisha, nikazivuta mbao zote mbili, zikagongana kwa kishindo.

Mimi ndani nilidhani nafunika aibu. Wao nje, waliokuwa wamembeba Bi Mwanaidi, walisikia ngoma, wakamwona mtu mzima anawatazama, kisha akamfungia maiti dirisha. Jeneza likasimama. Sauti ya mwanamume ikapenya mbao: "Hata maiti mnamfungia?" Watoto wakanyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Nilichuchumaa chini ya dirisha nikashika magoti. Baadaye kalima zikaanza tena, polepole, zikaenda. Sikutoka. Bega langu halikuligusa jeneza lile.

Kabla ya alasiri Mapinga nzima ilikuwa na habari. Vijana wa bodaboda wamenipa jina, Karani Dirisha. Nikifika kijiweni wananiuliza, "Karani Dirisha, Kerege leo tukupeleke, au utatufungia njiani?" Ninapanda, natazama barabara mpaka chumbani kwangu Kerege. Mwenye duka la chumvi na sukari, yule unayemjua, aliniuzia mkate bila kunitazama, akaurusha juu ya meza.

Kamati ya shule ikakaa. Mwalimu mkuu aliniweka pembeni kuandika yanayosemwa, kama kawaida yangu. Mmoja akasema watoto wanachezeshwa ngoma badala ya kusomeshwa. Mwingine akasema, "Haya hakuyaanza kijana huyu. Aliyaanza marehemu. Mungu amrehemu, lakini aliwazoesha vibaya." Wakatikisa vichwa. Bi Tatu, niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Sikuinua kichwa. Wakakata shauri kwamba kuanzia siku hiyo darasa la pili wakae, mikono juu ya dawati, hakuna kusimama mpaka kengele. Na mimi niliyewaletea balaa ndiye niliyeachwa kuwasimamia, maana mwalimu mpya alikuwa bado.

Walikaa. Sitaki kukudanganya, walitii vizuri mno. Mwanzo walikuwa wanafinyana chini ya madawati na kusukumana mabega, kisha hata hayo yakaisha. Wa nyuma walilala na midomo wazi. Niliwauliza mbili mara saba, darasa ambalo lilikuwa likiijibu kwa miguu, wakanitazama kana kwamba nimewauliza njia ya mji wasioujua. Likazuka jambo jingine, haja ndogo. Kila baada ya muda mkono unainuka. "Mwalimu, haja ndogo." "Mwalimu, na mimi." Msururu wa chooni ukawa mrefu kuliko wa uji. Mwajuma aliomba mara nyingi mno, nikaogopa, nikamwita mama yake nikamweleza kwamba huenda binti anaumwa.

Mama akampeleka zahanati. Kesho yake akaja naye, amemshika mkono, akasimama mlangoni mwa ofisi hii. "Mwalimu, wamempima mkojo, mzima. Haya Mwajuma, mwambie mwalimu ulichoniambia mimi." Mwajuma akatazama chini. "Naombaga ili nitembee tu."

Mama yake akanigeukia. Hakupaza sauti. "Kumbe mmewatia tengani kama kuku wa kupeleka sokoni," akasema, akaondoka. Hakusema neno kuhusu dirisha. Hilo ndilo lililoniingia zaidi.

Wakati wa matanga, kabla kamati haijakaa, nilikuwa nimekwenda kwa Mzee Shomari. Nilifika mpaka kwenye kona ya nyumba ile. Nikawaona wanaume wamekaa kwenye mikeka, nikajishika kichwani, nikajidai nimesahau kofia, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza. Kwa uongo ule niliudanganya upepo tu. Lakini baada ya maneno ya mama Mwajuma sikuweza kukaa tena. Siku ile ile, shule ilipofungwa, nilikwenda.

Nilimkuta kwenye baraza anachambua korosho. Nikaamkia. "Marahaba," akasema. "Nani mwenzangu?"

"Karani wa shule, Mzee."

"Karani yupi?"

Ananijua. Alitaka niseme mwenyewe. Nikasema, "Wa dirisha."

"Haya," akasema. "Karibu. Matanga tumeshaondoa."

Nilimpa pole, kwa maneno niliyoyakariri njia nzima na yote yakatoka vibaya. Alichambua korosho zake. Nikaona sina cha kupoteza tena, nikamwambia mimi nimekosa na adhabu yangu ni halali, lakini namwomba awasemee watoto kwenye kamati, wao hawakuwa na kosa.

Akainua kichwa. "Watoto wamefanya nini?"

"Wamekalishwa, Mzee. Kamati imewakataza kusimama darasani kwa ajili ya siku ile."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya... kwa heshima ya marehemu, Mzee."

Aliweka ungo chini. "Nani aliniuliza?" Nikazitazama korosho zake. "Mimi na Mwanaidi tumelea watoto tisa ndani ya vyumba viwili. Kelele za miguu ya watoto ndizo zilizokuwa zikimpa usingizi. Nilipoisikia siku ile nilisema moyoni hawajajua, wataambiwa, watanyamaza. Haikuniudhi hata kidogo." Kisha akasema polepole, akinitazama. "Mimi niliudhiwa na mtu mzima. Ametuona, tumetazamana, halafu akafunga."

Bi Tatu, nimeona aibu nyingi maishani, nyingine za kujitakia, lakini ile ya barazani ni nyingine kabisa. Nilikuwa nimebeba aibu ya dirisha nikidhani hapo ndipo mwisho wake. Kumbe ningevuka ile kona siku ya matanga, nikaketi mkekani na wenzangu, nikasikia maneno haya haya, wasingekalishwa hata siku moja. Kamati haikumuuliza mfiwa, lakini kamati haikuwa na deni naye. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda. Watoto wako walipoa kwa sababu mimi nilimwogopa mzee mmoja anayechambua korosho.

Akasema atakuja kuangalia wanachofanya, maana hasemei asichokiona. Nilipokuwa naaga akaongeza, "Na lile la dirisha ni langu na wewe. Usilichanganye na la watoto."

Alikuja Jumatano, kanzu safi, kofia, bakora. Mwalimu mkuu alimpokea kwa shikamoo mbili na kiti cha ofisini kwake. Mzee akakikataa kiti, akapita mpaka nyuma, watoto wa dawati la mwisho wakajibana, akaketi nao. Mwalimu mkuu akabaki mlangoni amefunga mikono. Nami mbele.

Kila kitu kilinitoka kichwani. Nilisimama tu. Nikasikia Mwajuma ananong'ona, "Mwalimu, nazi."

"Nazi," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mgonjwa. Nikajishusha nusu, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mwanamume niliyemfungia jeneza la mkewe. Watoto hawakuamini mara ya kwanza. Walinitazama, wakamtazama mwalimu mkuu, kisha wa mbele wakajishusha, na safu zote zikafuata. Ba, be, bi, bo, bu. Da, de, di, do, du.

Mtoto aliyekaa karibu na Mzee Shomari akamgeukia, akamwambia wazi wazi, "Babu, hukuni."

"Mie nakuniwa," akasema Mzee, "sikuni." Watoto wakacheka.

"Nani anakukunia?"

Hakuna aliyecheka tena. Hata mwalimu mkuu alifungua mikono yake. Mtoto yule hakujua alichouliza, alikuwa anangoja jibu tu, amejishusha vile vile, mapaja yanamtetemeka. Mzee alitazama viganja vyake. Kisha akaiegemeza bakora dawatini, akashika ukingo wa benchi, akajiinua kidogo, kidogo tu, umri wake ulivyoruhusu, akasogeza mikono mbele na nyuma. "Haya," akasema. "Tumefika wapi?"

"Ga, Babu."

"Ga," akasema Mzee Shomari.

Tulimaliza naye mpaka za.

Alipotoka alimwambia mwalimu mkuu, nasi wote tunasikia, "Wasimame. Watwange kwa ncha za vidole, wasikanyage kwa kishindo, na jeneza likipita wafundishwe kunyamaza. Kamati nitazungumza nayo mimi." Mwalimu mkuu akasema sawa Mzee, sawa kabisa. Mzee akampa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo, mkono wangu nimeshautayarisha. Akanipita, akasema, "Haya, kijana," akashuka ngazi. Hakunipa. Sikuulizi kama alinionea. Hakunionea.

Sasa wanatwanga kimya kimya. Ungependa kuliona hili, hukuwahi kulifanya wewe. Kutwanga bila kukanyaga ni kugumu maradufu, unashuka kwa mapaja, polepole, na namba inatajwa kwa kunong'ona. Themanini na kitu wananong'ona mbili, nne, sita, na mwalimu wa darasa la tatu alikuja kuchungulia akidhani wamelala wote. Juzi nilimwona naye anajaribu na wanafunzi wake. Kamba ya kuanua nimeifunga upya, ile yako ilikuwa imeoza pale penye fundo. Msururu wa chooni umekwisha. Mwajuma ameacha kuumwa kibofu.

Kwa Mzee nakwenda kila Ijumaa baada ya sala. Naamkia, naketi, tunachambua korosho. Tunazungumza habari za mvua na bei ya mihogo, na mara moja alinieleza Bi Mwanaidi alivyokuwa akipenda chai yenye tangawizi nyingi. Hajanipa mkono, na mimi siuombi. Nimeanza kuelewa kwamba kuomba msamaha na kudai kusamehewa ni mambo mawili.

Limebaki la jina lako. Kamati itakaa tena wiki ijayo, kumkaribisha mwalimu mpya, maana amepatikana, dada mmoja kutoka Tanga. Watanikalisha tena pembeni niandike. Nakuahidi, Bi Tatu, safari hii nitaweka kalamu chini. Nitasimama, nitawaambia kwamba marehemu hakuwazoesha watoto vibaya, kwamba walioitwa wameharibika ndio waliokuwa wakijua jedwali la saba, na kwamba niliyasikia yale maneno juu yako nikayaandika nikanyamaza. Mkataba wangu unakwisha karibuni, na huenda baada ya hapo hawatauendeleza. Nimelifikiria hilo. Nitasimama hivyo hivyo. Na yule dada nitamfundisha kutwanga, kukuna na kuanua mchana kweupe, mlango wazi, kama ulivyonifundisha mimi. Hilo nakuahidi hata nikitetemeka.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mungu akupanulie kaburi na akuandikie kila mtoto uliyemnyanyua.

Ukitaka kunijia, usije usiku. Bado ni mwoga, nitapiga kelele na kuwaamsha wapangaji. Njoo alfajiri, baada ya adhana, ninapojilaza kidogo kabla ya kwenda kazini. Nipo chumba kile kile cha Kerege, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa mwisho. Ukikuta nimehama, ujue wameniondoa, basi nifuate Pangani kwa mama, nyumba ya tatu ukishuka kutoka msikitini. Hodi usipige, ingia tu. Keti kitandani upande wa miguu, na uniite Idrisa. Siku hizi hapa hakuna anayeniita hivyo.